Bwawa la Shemeji Zefania

Siku wachimbaji walipoingia bondeni na majembe yao, Felista ndiye aliyewapikia. Aliwasongea ugali wa muhogo, akawapikia maharage, na mchicha akautia karanga. Watu wakashangaa. Shamba linalochimbwa walilinunua yeye na marehemu mume wake Cletus, kwa asali na maharage ya miaka minne. Anayelichimba ni Zefania, kaka mkubwa wa marehemu, aliyelichukua siku ya kuanua matanga mbele ya ukoo mzima. Halafu mjane huyo huyo anashuka na sufuria kichwani kwenda kuwashibisha wanaomharibia!

"Mama Hana ana moyo wa kanisani," wakasema wanawake kisimani.

Haukuwa wa kanisani. Felista alikuwa anahesabu urefu wa shimo. Kila wakishiba, udongo zaidi unatoka, na yeye alitaka utoke mwingi. Alitaka lichimbwe shimo ambalo hata kipofu akilipapasa hawezi kusema ni kisima cha maji ya kunywa. Akirudi nyumbani na sufuria tupu alikuwa anatembea polepole, anacheka peke yake, na binti yake Hana wa miaka sita anamuuliza, "Mama, unacheka nini?"

"Nacheka chura."

Kisa chenyewe kilianzia msibani. Wiki mbili kabla ya kuanua matanga, Zefania alikuja jioni na kofia mkononi, akaanza kuzungumza habari za mila, kwamba mjane haachwi kama mbuzi asiye na kamba, kwamba mke wake Getrude hana neno. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu: "Shemeji, mume wangu alikuwa mmoja na nimeshamzika." Zefania akavaa kofia yake. Siku ya kuanua matanga akasimama, akatangaza: "Shamba la mlimani abaki nalo alee watoto. La bondeni ni la ukoo." Na wote waliokuwa pale walijua la mlimani ni mawe matupu, la bondeni ndilo lenye mpunga.

Karatasi ya mauziano hakuwa nayo. Aliyewauzia, mzee Methusela, alikwenda zamani kutega mizinga misitu ya Ugalla na haijulikani yuko kambi gani. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa ndani ya sanduku. Felista aliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Valeriani, kwa mkono wake mwenyewe: *Shamba la bondeni ni langu mimi Felista, nimeporwa.* Valeriani akaisoma, akaitia kwenye faili, akakuna kidevu.

"Mama Hana, nakuamini. Lakini bila karatasi ni neno lako na neno lake. Yeye ana ukoo, wewe una nini?"

Hakuwa na kitu. Watoto watatu, debe la mtama, na hasira iliyokuwa inalala naye kitanda kimoja.

Hasira hiyo ilipata kazi siku ya mkutano wa mazingira. Wataalamu walikuja kijijini kwao, upande huu wa Sibwesa, wakakaa na watu darasani. Wanaume wengi hawakutokea, siku hiyo ilikuwa ya mnada wa ng'ombe. Zefania alipita na baiskeli akawacheka waliokuwa wanaingia: "Mikutano ya mazingira ni ya akina mama. Mkimaliza mtuambie miti imesemaje."

Aliyefundisha alikuwa dada mmoja wa ofisi ya maji, anaitwa Happiness, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Akawaeleza kwa lugha ya kueleweka. Kwamba ukitaka kuchimba bwawa la samaki kwenye bonde la maji, hata kama shamba ni la kwako na babu yako kazikwa hapo, unaomba kibali kwanza, ndipo unashika jembe. Kwamba maombi yanabandikwa watu wayaone, jirani mwenye pingamizi aseme. Kwamba ndani ya mita sitini kutoka kijito usilime, usijenge, usichimbe.

"Sasa mtu anachimba kwake, kibali cha nini?" akauliza mama mmoja.

"Ardhi ni yako, mama. Maji yanayopita ndani yake ni ya nchi nzima. Ukiyafunga wewe, wa chini atapikia nini?"

Felista akanyoosha mkono. "Na mtu akichimba bila kibali?"

"Mwenye shamba ataagizwa afukie, arudishe bonde kama lilivyokuwa. Akikaidi, anashtakiwa."

Felista alisikia *mwenye shamba*, moyo wake ukaandika *Zefania*. Hakujiuliza zaidi. Ndilo kosa lake la kwanza. Siku hiyo tayari kijiji kizima kilikuwa kinajua Zefania anatafuta wachimbaji, na shamba alilotaka kuchimba lilikuwa hatua ishirini tu kutoka kijitoni.

Angeweza kumwambia. Angeweza kumwambia hata mwenyekiti. Alikaa kimya kama jiwe la kusagia. Akapanga moyoni: achimbe kwanza, achoke. Aweke maji, aweke samaki, awalishe, awapigie hesabu usiku akiwa amelala na mkewe. Wakishanenepa, ndipo nakwenda wilayani. Namtaka afukie bwawa lenye samaki, afukie huku watu wanamtazama, ajue kupokonywa kunavyouma.

Nyie akina mama wenzake mnaosikia habari hii, hapa ndipo pa kuogopa. Ukiona shimo linachimbwa pasipotakiwa, sema siku hiyo hiyo. Usilitunze likusaidie kulipa kisasi. Shimo halichagui wa kummeza.

Wachimbaji walikuwa wanane, na kiongozi wao alikuwa Libérat, mtu wa Mishamo, mpole, mikono kama mapauro ya kuzolea udongo. Siku ya tatu, Felista akiwa anapakua, Libérat alichomeka jembe kwenye tope akamgeukia Zefania.

"Mzee, kibali kipo? Mwaka jana tulichimba la mwalimu mmoja, wakaja wakatusimamisha. Jasho letu lilipotea."

Felista aliacha kupakua. Siku zote za kunyamaza kwake zilikuwa zimening'inia kwenye mdomo wa mgeni huyu.

Zefania akacheka. "Shamba langu, jembe langu. Kibali nimwombe nani, kambale?"

"Hapana mzee, sikia. Kuna ofisi..."

"Kaka Libérat," Felista akaingilia, sauti tamu kama asali ya nyuki wadogo, "chakula kinapoa."

Wakanawa. Wakala. Habari ya kibali ikamezwa pamoja na ugali.

Bwawa likatoka kubwa, ukingo kwa ukingo hatua thelathini, kuta zimesimama wima kama kaburi. Zefania hakutosheka na shamba la Felista. Shimo lilipanda mpaka likaingia kwenye shamba lake mwenyewe la juu, maana mashamba yale yanapakana, na wachimbaji waling'oa minyaa ya mpaka wakaitupa kijitoni. Juu kabisa, kwenye chemchemi iliyokuwa inamwagilia migomba na bustani yake, akachimba mfereji wa kuingiza maji. Mvua zilipokolea, bwawa likajaa. Akaleta vifaranga wa perege kutoka Mpanda kwenye madumu, akawamwaga huku anawaita majina ya wachezaji mpira.

"Shemeji," alimwambia Felista mbele za watu, "ukipata bwana wa kukuoa, samaki wa harusi natoa mimi."

"Mungu akuzidishie, shemeji," Felista akajibu. Na ndani yake akasema: nenepeni, perege, nenepeni.

Chini ya bwawa kijito kikawa kamba. Wanawake wakaanza kwenda kuchota mbali. Felista naye alikwenda mbali, ndoo kichwani, na hakusema neno. Alikuwa anahesabu miezi.

Mwezi wa tatu, saa saba mchana, alikuwa anapepeta mtama uani alipoona watu wanakimbia kushuka bondeni. Hakuna aliyemwita. Mama hahitaji kuitwa. Aliacha ungo ukiwa hewani, akakimbia bila kanga ya juu.

Hana alikuwa amelazwa kwenye tuta, kifudifudi, na Libérat anamkandamiza mgongo. Libérat alikuwa amekuja siku hiyo kuziba tuta lililovuja, ndiyo pona ya mtoto. Alisema alisikia kitu kimeanguka, akadhani ni tope. Alipogeuka akaona kitambaa chekundu kinazama. Akaingia na nguo zake. Kwenye kiganja cha mtoto kulikuwa bado na tonge la ugali limefumbatwa. Alikuwa amekwenda kulisha samaki wa baba mkubwa. Ukingo ni wa mfinyanzi, ukishalowana hauna rafiki. Na hapakuwa na uzio, hapakuwa na ngazi, hapakuwa na hata mti wa kushika, maana hakuna mtaalamu aliyewahi kufika kusema viwekwe.

Hana akatapika maji. Akatapika tena. Akalia. Felista akamkumbatia akihisi moyo wa mtoto unapiga kama kifaranga kwenye kiganja, na masikioni mwake sauti moja tu, ya kwake mwenyewe, tamu: *Kaka Libérat, chakula kinapoa.*

Zefania alifika anahema. Alimtazama mtoto, akaona anapumua, akatazama maji.

"Mfunge mwanao nyumbani, shemeji. Angekufa humu, nani angenunua samaki wangu?"

Libérat, mpole yule, alitema mate chini. Kama Zefania angesema *pole*, neno moja tu, labda mambo yangekwenda njia nyingine. Hakusema.

Kesho yake asubuhi Felista alimwacha Hana kwa jirani, akapanda bodaboda mpaka wilayani na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la Hana. Alikuwa ameandika: *Naomba mje muone bwawa limechimbwa na Zefania kwenye bonde hatua ishirini toka kijitoni, halina kibali, na linaua.* Samaki walikuwa bado hawajanenepa alivyotaka. Hakujali tena. Ile hamu ya kumsubiri anenepe ilikuwa imekufa. Iliyobaki ilikuwa ya kumla mbichi.

Walikuja Jumanne. Dada Happiness alishuka kwenye gari na gambuti na futi ndefu ya kupimia, mzee Valeriani akaitwa na faili lake, Libérat akaitwa kwa kuwa ndiye aliyechimba, na watu wakajipanga ukingoni kama wanatazama ngoma. Felista alivaa gauni lake la Pasaka. Alisimama mbele aone vizuri.

Happiness akapima kutoka kijitoni. Akapima tena. Akatikisa kichwa.

"Mita kumi na nane. Kibali kipo?"

Zefania aliuliza kwa upole, "Kisipokuwepo inakuwaje, dada yangu?"

"Agizo la kufukia, siku thelathini. Bwawa lote, na mfereji uliofunga chemchemi. Asipofukia, mahakamani. Naliandika kwa jina la mwenye shamba. Mwenye shamba ni nani?"

Felista alikuwa ameusubiri mwezi kwa mwezi uso atakaouvaa Zefania wakati huu. Alitegemea jasho, alitegemea macho ya mbuzi wa Krismasi. Badala yake Zefania akavua kofia, akaiweka kifuani, akamwonyesha yeye kwa kidole.

"Huyo hapo."

Watu wakaguna.

"Shamba ni la shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu," Zefania akaendelea, sauti ya msibani. "Mimi nilimsaidia tu kusimamia kazi, si unajua mwanamke peke yake. Mwenyekiti, fungua faili, barua yake si imo? Kaandika kwa mkono wake kwamba shamba ni lake."

Valeriani akafungua faili polepole kama mtu anayefunua maiti. Barua ilikuwepo.

"Na wachimbaji aliwapikia nani?" Zefania akauliza umati. "Libérat, sema kweli ya Mungu. Nani alikuwa anawaletea chakula kila siku?"

Libérat akatazama miguu yake. "Mama Hana."

"Mnaona! Mtu atapikia wachimbaji wa shamba lisilo lake?"

Kicheko kikapita, kile cha watu wasiotaka kucheka. Alikuwa amechimbiwa kwa sufuria yake mwenyewe. Happiness akamgeukia, kalamu juu ya karatasi.

"Mama, sema. Shamba ni lako au si lako?"

Akisema si langu, agizo linamrudia Zefania, na shamba linakwenda pamoja nalo, milele, mbele ya mwenyekiti na serikali. Akisema ni langu, atafukia yeye, mjane mwenye jembe moja. Alimtazama Zefania. Zefania alikuwa anatabasamu na upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa aliona pande zote mbili ameshinda.

"Ni langu," Felista akasema.

"Asante," Zefania akasema haraka. "Andika, dada."

Happiness akaandika, kisha akasimama. "Lakini bwawa ni refu. Jirani wa juu ni nani? Naona linapita mpaka."

Hapo tabasamu likamtoka Zefania. Jirani wa juu alikuwa yeye.

"Hapana, hapana. Halipiti."

"Mpaka uko wapi? Minyaa imeng'olewa. Nionyeshe kwa miguu, tuuandike na mashahidi."

Desturi ya hapa kila mtu anaijua: mpaka unatembewa. Jirani anautembea mbele ya majirani na mwenyekiti, anaonyesha kona kwa kona, na akishauonyesha yeye mwenyewe harudi kesho kusema aliota. Zefania naye aliijua. Ila siku hiyo hofu ya mahakama ilikuwa imemkaa shingoni, na mtu mwenye hofu anaona kitu kimoja tu.

Akaanza kutembea. Akaupita mstari wa zamani wa minyaa, ambao visiki vyake Felista alikuwa anaviona kwa macho yake. Akaenda mpaka ukingo wa juu wa bwawa.

"Hapa. Bwawa zima liko kwa shemeji."

Felista alifungua mdomo aseme kweli, kwamba mpaka uko chini, kwenye visiki. Neno likafika kwenye meno likasimama. Kitu cha baridi kikamshuka mgongoni, kitamu. Akabadilisha neno.

"Shemeji, unanionea!" akapiga kelele. "Huku juu si kwangu! Huku ni kwako!"

"Ni kwako!" Zefania akajibu. "Unataka kunibambikia?"

"Na mfereji je?" Happiness akauliza. "Umefunga chemchemi. Hilo ni kosa kubwa kuliko bwawa."

"Mfereji ni wake."

"Jamani, mfereji unapita kwenye migomba yake!" Felista akalia, na machozi yakatoka kweli, maana alikuwa anajibana asicheke. "Mwenyekiti, niokoe, migomba ile si yangu!"

"Migomba ni yake!" Zefania sasa alikuwa anatembea kwa kasi, anakanyaga mboga zake mwenyewe. "Cletus ndiye aliyeipanda. Hii hapa. Na hii. Mpaka mti ule."

"Na chemchemi?"

"Chemchemi imo kwake. Mimi kwangu ni kule juu, kavu. Mimi na maji wapi na wapi!"

Mama mmoja ukingoni akamnong'oneza mwenzake, "Ee, mbona anagawa?" Mwenzake akamfinya anyamaze. Mzee Valeriani alikuwa anaandika bila kuinua kichwa, ila sharubu zilikuwa zinacheza. Akauliza kila kona, Zefania akajibu kila kona. Halafu mzee akasoma muhtasari kwa sauti, polepole, kuanzia kijitoni mpaka kwenye chemchemi, migomba yote ndani, akatoa wino.

"Weka jina na kidole gumba, Zefania. Ni kwa usalama wako."

Zefania akaweka vyote viwili. Libérat akaweka sahihi ya shahidi, na majirani wawili. Happiness akaweka mhuri kwenye agizo. Kazi ilipokwisha, Felista alifuta machozi kwa upindo wa gauni la Pasaka.

"Mwenyekiti, naomba nakala yangu."

"Ya agizo?"

"Ya agizo, na ya mipaka."

Akaikunja mara nne akaiweka kifuani. Akamgeukia shemeji yake, akapiga goti kidogo kama mke wa mdogo wake anavyotakiwa.

"Asante kwa kunionyesha mipaka yangu, shemeji. Marehemu huko aliko amekusikia."

Ilimchukua Zefania muda. Uso wake ulianza kubadilika taratibu, kuanzia kwenye macho, ukashuka. Alitazama migomba. Alitazama chemchemi. Alitazama kidole gumba chake chenye wino.

"Mzee Valeriani," akasema, "ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Umeutembea mwenyewe, wala hukusukumwa. Au tumwite dada arudi na futi, tuseme bwawa ni la nani?"

Zefania akavaa kofia yake, akapanda kwake.

Kufukia kulichukua siku kumi na nane. Felista aliwaalika wanawake wote waliokuwa wanachota maji mbali, akapika togwa pipa zima, wakaja na majembe na nyimbo. Libérat alileta wenzake watatu, wakakataa ujira. Alisema udongo aliutoa yeye, acha aurudishe. Kwanza maji yalitolewa kidogo kidogo kupitia wavu, kama Happiness alivyoelekeza, samaki wasiingie kijitoni. Na samaki ni wa nani? Wa mwenye bwawa. Waligawana perege pale pale, ndoo kwa ndoo, na moshi wa kukaanga ukapanda mpaka kwa Zefania. Felista alimpelekea sahani. Watano, wamekaangwa vizuri, na ndimu juu. Hakumpelekea kwa upendo na wote wawili walijua. Sahani ilirudi na Getrude jioni, imeoshwa, na Getrude hakusema karibu wala asante.

Ingekuwa vizuri kusema mpunga ulistawi mwaka huo. Haukustawi. Udongo uliotolewa chini haurudi chini kwa mpangilio ule ule. Mfinyanzi mweupe ulibaki juu, mpunga ukatoka njano, mfupi, wa kutazama tu. Watoto walikula mtama wa kukopa na ndizi za migomba ile. Kijito kilirudi polepole. Wataalamu walisema bonde lililochokorwa linahitaji miaka. Felista alijibu miaka anayo. Kila ndizi aliyomenya ilikuwa tamu kuliko ndizi yoyote aliyowahi kula, na hakuona haya kusema hivyo, hata alipoulizwa na katekista.

Kiangazi kilichofuata walikuja watu wa kupima mashamba ya kijiji kwa ajili ya hati za kimila. Kila mwenye shamba anasimama na jirani yake, jirani anasaini. Zefania aliitwa mara tatu ndipo akaja. Bustani yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amekonda.

"Mimi nililazimishwa siku ile," akamwambia mpimaji.

Mzee Valeriani akafungua faili, akamwonyesha kidole gumba.

Zefania akamsogelea Felista, akashusha sauti. "Shemeji. Yamekwisha. Niachie hata chemchemi, nusu siku tu kwa wiki. Sisi ni ukoo."

Felista alimtazama. Alitafuta ndani yake kama kuna huruma, kama mtu anayekung'uta gunia. Aliona tuta, kitambaa chekundu, na mtu anayetazama samaki.

"Saini kwanza," akasema.

Alisaini. Aliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, mpimaji akalazimika kuweka gundi upande wa nyuma. Kisha akasubiri, kofia mkononi.

"Chemchemi nikunyime mimi?" Felista akasema. "Maji ni ya nchi. Nenda wilayani ukaombe. Wakibandika maombi yako kwenye ubao, mimi jirani nitayasoma."

Akamshika Hana mkono, wakaondoka. Njia ya kwenda nyumbani inakata katikati ya bonde, juu ya pale palipokuwa bwawa, na siku hizi ni majani tu na mfinyanzi uliopasuka kwa jua. Hana akafika kwenye ukingo wa zamani, akasimama.

"Twende."

"Kuna maji, mama."

"Hakuna maji, mwanangu. Pamefukiwa. Tazama." Felista akaenda mpaka katikati, akaruka kwa miguu miwili, vumbi likatoka. Akaruka tena. "Unaona? Pagumu."

Hana alitikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa imefumbata gauni, na midomo inatetemeka. Tangu mwezi wa tatu ule hakukubali hata kuoga kwenye beseni.

Felista alirudi ukingoni. Karatasi mpya ya mpimaji ilikuwa kifuani, ngumu, yenye mhuri. Akamwinamia mtoto wa miaka saba, mzito sasa, akampandisha kiunoni kama mtoto mchanga, na Hana akafumba macho akamkaba shingo kwa nguvu zote mpaka walipofika upande wa pili.